Taa ya cheki injini kwenye Toyota za 1NZ: pima kwanza, spea baadaye

Kabla ya kufungua boneti, tazama taa inavyowaka. Ikiwa inawaka na kuzima kwa mfululizo huku gari linatetemeka na kukosa nguvu, punguza mwendo, tafuta pa kusimama na uzime injini. Maana yake silinda moja au zaidi haichomi. Petroli mbichi inatoka na moshi na kwenda kuungulia ndani ya masega (kopo la kusafishia moshi kwenye eksozi), nayo masega yakipata joto la namna hiyo huyeyuka yakawa bonge. Koili moja (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) ya kubadilisha kwa nusu saa inaweza kuua masega ambayo yangedumu miaka mingi. Taa ikiwaka tuli bila kumeta, una nafasi ya kufika nyumbani na kupima kwa utulivu. Nafasi hiyo ni ya siku kadhaa. Usiivute mpaka miezi.

Maelezo haya yanahusu injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye Probox, IST, Spacio, Raum, Fielder, Axio, Premio na Allion nyingi zinazotembea Tanzania na Kenya. Vipimo tulivyoandika ni vya injini hiyo. Njia ya kusaka hitilafu haibadiliki sana kwa injini nyingine ya petroli, ila vipimo vyake vitafute kwenye kitabu cha gari husika.

Masega ni lile kopo kwenye bomba la eksozi lenye vinyumba vidogo kama sega la nyuki, vilivyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Hapo ndipo kaboni monoksidi, petroli isiyoungua na oksidi za naitrojeni hugeuzwa kuwa kaboni dayoksidi, maji na naitrojeni. Sensa ya oksijeni iliyo mbele yake huiambia kompyuta ya injini kama petroli ni nyingi au kidogo. Ya nyuma, kwa gari lililo nayo, hukagua kama masega yanafanya kazi. Chungulia chini ya gari uzihesabu, kwa sababu baadhi ya gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina sensa moja tu, na kwa gari la namna hiyo P0420, namba ya hitilafu ya masega, haiwezi kutokea.

Kusoma namba bila kupoteza ushahidi

Usikubali mtu achomoe kichwa cha betri "ili taa izime". Taa itazima kweli, lakini pamoja nayo zitafutika namba za hitilafu, kumbukumbu ya tukio na marekebisho ya mafuta ambayo kompyuta imejifunza kwa wiki nyingi. Hivyo vitu vitatu ndivyo vinavyokuonyesha tatizo liko wapi.

Chomeka kifaa cha kusomea kwenye soketi ya matundu 16 iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva. Kile kidogo cha Bluetooth cha aina ya ELM327 pamoja na programu ya simu kinatosha kwa kazi nyingi. Washa swichi bila kuamsha injini, soma, kisha andika kwenye karatasi au piga picha skrini. Chukua namba zilizothibitishwa na zile zinazosubiri uthibitisho, kwa kuwa hitilafu nyingi za moshi lazima zionekane katika safari mbili mfululizo ndipo taa iwake. Chukua pia frizi fremu, yaani hali ya injini pale kosa lilipotokea: mzunguko, mwendo wa gari, joto la maji, mzigo. P0171 (petroli haba) iliyotokea injini ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyagwa resi) na P0171 iliyotokea ukipanda mlima kwa kilomita 80 kwa saa zina namba moja na sababu tofauti kabisa.

Kifaa kikikataa kuwasiliana, usiseme kompyuta imekufa. Pima kama tundu la 16 lina umeme wa betri na kama 4 na 5 zina ethi. Fyuzi iliyoungua ni sababu ya kawaida. Halafu ujue kwamba kuna Toyota za soko la Japani za miaka ya mwanzo ya 2000 zenye soketi hiyo hiyo ambazo ELM327 ya bei rahisi haielewani nazo. Kwa hizo ipo njia ya waya. Tazama soketi upande mpana ukiwa juu: safu ya juu ni 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini ni 9 hadi 16. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya mwembamba, kisha washa swichi bila kuamsha injini, uangalie taa ya injini. Ikimeta haraka haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikimeta mara mbili, ikapumzika sekunde moja na nusu, ikameta mara tano, hiyo ni 25, petroli haba. Namba 26 ni petroli nyingi, 21 ni sensa ya oksijeni, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya hewa inayoingia kwenye injini. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuingiza waya. Tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote, na kuliunganisha na ethi kunaunguza fyuzi au zaidi.

Asilimia mbili zinazosema karibu kila kitu

Kwenye programu fungua data za moja kwa moja, utafute STFT na LTFT. Ya kwanza ni marekebisho ya mafuta ya papo kwa papo, ya pili ni ya muda mrefu. Kompyuta ina kiwango chake cha petroli kilichopangwa kiwandani. Sensa ya mbele ikisema petroli ni kidogo, inaongeza na namba inakuwa chanya. Ikisema ni nyingi, inapunguza na namba inakuwa hasi. Zijumlishe. Jumla ya kati ya -8 na +8 ni injini yenye afya. Ikipita 10 upande wowote kuna jambo linaanza, na ikikaribia 25 au kuzidi taa iko njiani.

Pima injini ikiwa imeshapata moto, AC na taa vikiwa vimezimwa. Kwanza sailensa, bila kukanyaga resi, dakika mbili. Kisha shikilia mzunguko wa 2,500 (rpm) kwa muda wa dakika moja. Andika jumla ya kila hali.

Ikiwa sailensa inasoma, tuseme, +22 na kwenye 2,500 inashuka hadi +5, kuna hewa ya wizi inayoingia baada ya sensa ya hewa. Tundu ni lile lile, lakini kwenye sailensa injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo wizi huo ni sehemu kubwa ya jumla. Ukikanyaga resi unamezwa na hewa nyingi halali. Ikiwa sailensa iko sawa na namba inapanda kadiri unavyoongeza mzigo, petroli haitoshi au sensa ya hewa inahesabu pungufu. Ikiwa iko juu kote, anza na sensa ya hewa chafu, na usisahau uvujaji wa eksozi mbele ya sensa ya kwanza.

Tunasisitiza kipimo hiki kwa sababu ndicho kinachorukwa zaidi. Mtu anasoma P0171, anaambiwa "sensa ya oksijeni", ananunua, na taa inarudi baada ya siku tatu. Sensa ile ilikuwa inasema kweli.

P0171: petroli haba

Anza na bomba la mpira linalotoka kwenye boksi la airkilina kwenda throto. Lina mikunjo kama kinanda cha kodiani, na likishazeeka hupasuka ndani ya mikunjo, upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Lifungue, litoe, ulipinde kwa vidole mkunjo mmoja mmoja mahali penye mwanga. Ufa wa sentimita mbili unaofunguka injini inapojitikisa na kujifunga ikitulia unatosha kuwasha taa. Kulizungushia solotepu ni kazi ya kufika nyumbani tu.

Fuata mpira wa kupumulia injini unaounganisha valvu ya PCV na manifoldi ya hewa. Mara nyingi huoza kwenye kona na kuwa laini kama mlenda kwa sababu ya mvuke wa oili. Kisha mpira wa busta ya breki, kifuniko cha kujazia oili, raba ya dipustiki, na mwisho gasketi ya manifoldi yenyewe. Kwa kutafuta, chukua chupa ya kupulizia iliyojaa maji, pulizia sehemu moja moja injini ikiwa sailensa, epuka koili na soketi. Ukifika palipovuja, maji huziba tundu kwa sekunde chache, mlio unabadilika na STFT inashuka. Wapo wanaotumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hii juu ya eksozi yenye moto. Gari linaweza kuwaka. Maji yanatosha.

Sensa ya hewa inakaa kwenye boksi la airkilina au mara tu baada yake, imeshikwa na skurubu mbili. Kwenye sailensa, injini ya lita 1.5 yenye moto hupitisha karibu gramu 2 za hewa kwa sekunde. Kati ya 1.5 na 3 si jambo la kushtua. Vumbi likiganda kwenye waya wake mwembamba, sensa inahesabu hewa pungufu na kompyuta inatoa petroli pungufu. Izime injini, chomoa soketi, itoe, ipulizie dawa maalumu ya kusafishia sensa ya hewa mara kumi hadi kumi na tano kwa umbali wa sentimita kumi hivi. Usiiguse kwa kitambaa, pamba wala mswaki. Iache ikauke dakika kumi na tano bila kupulizwa na kompresa. Halafu kagua airkilina yenyewe. Filta ya bei rahisi yenye ukingo mwembamba haikai vizuri kwenye boksi, vumbi linapita pembeni, na sensa uliyosafisha leo inachafuka tena baada ya mwezi. Ukiona mstari wa vumbi jekundu ndani ya boksi upande wa injini, filta hiyo ibadilishe.

Petroli yenyewe ipime kwa geji. Presha ya 1NZ-FE ni kilopaskali 304 hadi 343, sawa na psi 44 hadi 50, na ukizima injini isishuke chini ya kilopaskali 147 ndani ya dakika tano. Ikiwa ndogo, chunguza filta iliyo pamoja na pampu ndani ya tanki. Kwa gari nyingi za aina hii unaifikia kwa kunyanyua kiti cha nyuma. Ikishuka haraka baada ya kuzima, nozeli inayopulizia petroli inavuja au valvu ya pampu haishiki.

Uvujaji wa eksozi mbele ya sensa hupotosha kipimo kwa njia nyingine: kila pigo la moshi huacha mvuto mdogo nyuma yake, hewa ya nje inaingia kwa ufa, sensa inaona oksijeni isiyotoka kwenye silinda. Gari linalogonga matuta na mashimo kila siku hupasuka kwenye fleksi (kipande cha bomba kinachonyumbuka) au kwenye gasketi ya maungio. Sikiliza mlio wa "tsi tsi tsi" asubuhi injini ikiwa ya baridi. Au mwambie mtu azibe mdomo wa eksozi kwa kitambaa kizito chenye maji kwa sekunde tatu nne huku wewe ukisikiliza chini.

P0172 na injini isiyopata moto

Petroli ikizidi, moshi unanuka, plagi zinakuwa na masizi makavu na gari linakunywa mafuta. Nozeli inayovuja ni sababu mojawapo, na oili iliyochanganyika na petroli ni nyingine. Ila kwa gari za kwetu iko sababu ambayo lazima uanze nayo: themostati imetolewa.

Imani kwamba nchi ya joto haihitaji themostati imeharibu injini nyingi. Gari likichemka mara moja, inatolewa na kutupwa. Tangu siku hiyo maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, na ukitembea barabara kuu joto linabaki nyuzi 60 hadi 70. Kompyuta ikiona injini bado ya baridi inaendelea kuongeza petroli, na baada ya muda inaandika P0125 au P0128. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuyachafua masega. Themostati ya 1NZ hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Angalia joto la maji kwenye programu baada ya kuendesha kilomita kumi: kati ya 82 na 95 ni sawa. Likikaa chini ya 75 kwenye mwendo, fungua nyumba ya themostati uone kama kuna kitu ndani. Weka mpya pamoja na raba yake na kulanti, na kama gari lilikuwa linachemka kweli, tafuta kwa nini: feni, rejeta iliyoziba, kifuniko kisichoshika presha.

Themostati ikiwepo na joto likasomwa la ajabu, pima sensa ya joto la maji kwa multimita. Kwenye nyuzi 20 iwe na ukinzani wa kilo-omu 2 hadi 3, kwenye nyuzi 80 iwe omu 200 hadi 400. Asubuhi kabla ya kuwasha, joto la maji na joto la hewa vinapaswa kulingana, tofauti ya nyuzi chache tu.

P0300 hadi P0304: gari linamisi

Tarakimu ya mwisho ni silinda inayomisi, yaani isiyochoma. P0303 ni silinda ya tatu, P0300 ni kumisi kusikotulia kwenye silinda moja. Silinda ya kwanza ni ile ya upande wa mikanda.

Tuseme una P0303. Toa koili ya silinda ya tatu uiweke ya pili, na ya pili uiweke ya tatu. Futa namba, endesha. Ikirudi P0302, koili ni mbovu na umetumia dakika kumi bila gharama. Ikirudi P0303, hamisha plagi kwa njia hiyo hiyo, kwa spana ya plagi ya milimita 16 na injini ikiwa imepoa. Nafasi ya plagi iwe milimita 1.0 hadi 1.1. Ukikuta oili ndani ya shimo la plagi, gasketi ya kava ya valvu imekwisha. Badilisha gasketi kwanza, maana oili inaozesha raba ya koili na cheche inatorokea pembeni. Angalia raba hiyo kwenye mwanga. Mstari mwembamba mweupe au mweusi unaoshuka kama mchoro wa penseli ndiyo njia ambayo cheche inapitia.

Jihadhari na plagi feki zinazouzwa kama iridiamu. Ncha ya katikati ya iridiamu halisi ni nyembamba sana, milimita 0.4 hadi 0.7 tu. Ukiona ncha nene kama ya plagi ya kawaida ndani ya boksi lililoandikwa iridiamu, irudishe dukani.

Koili na plagi zikihama na kosa likabaki, pima kompresheni. Injini nzima ni karibu bar 15, chini ya 11 haifai, na tofauti kati ya silinda isizidi bar 1. Kompresheni ikiwa sawa, elekea kwenye nozeli na waya zake.

Kumisi kukianza kwenye silinda zote kwa pamoja muda mfupi baada ya kujaza mafuta, fikiria petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Tanzania imekuwa ikiweka vinasaba kwenye mafuta kuzuia mchezo huo tangu 2010, lakini petroli ya kwenye madumu pembezoni mwa barabara haina wa kuikagua. Toa mafuta yote kwenye tanki. Kuyachanganya na mazuri kunaongeza tu muda wa kuyachoma, na masega ndiyo yanayoumia.

Sensa za oksijeni

P0135 ni hita ya sensa ya mbele, P0141 ni ya nyuma. Hizi zinaeleweka haraka. Chomoa soketi, pima nyaya mbili za rangi moja upande wa sensa: hita nzima ya Toyota ni omu 11 hadi 16 ikiwa ya baridi. Multimita isiposoma kitu, hita imekatika, nunua sensa. Ikisoma vizuri, pima umeme upande wa gari swichi ikiwa imewashwa. Usipoukuta, rudi kwenye fyuzi na waya.

Afya ya sensa ya kawaida ya mbele utaiona kwenye grafu: volti zinapanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 bila kukwama, mara kadhaa ndani ya sekunde kumi ukishikilia 2,500. Ikisuasua au kubaki katikati, imechoka. Kabla ya kuihukumu, kanyaga ghafla resi na uachie: ukikanyaga volti ziruke juu ya 0.8, ukiachia zianguke karibu na sifuri. Sensa inayojibu hivyo ni hai, na tatizo liko kwingine.

Kuifungua, injini iwe na uvuguvugu, weka mafuta ya kulainisha kutu usiku uliotangulia, tumia spana au soketi yenye mkato ya milimita 22. Usinunue sensa yenye nyaya za kuunga ukazisokota na kuzifunga solotepu, wala usiziunge kwa risasi. Sensa nyingi huvuta hewa ya kulinganishia kupitia nyaya zake, na risasi huziba njia hiyo. Silikoni ya kawaida ya gasketi nayo ni sumu kwa sensa. Mvuke wake ukipita kwenye injini huacha utando mweupe kwenye ncha na sensa inakufa.

P0420: masega

Ukiona namba hii ikiambatana na P0171, P0172 au P030-kitu, iache. Tengeneza zile nyingine kwanza, futa, endesha wiki moja. Mara nyingi masega yanaumwa kwa sababu ya kitu kilicho mbele yake, na masega mapya juu ya injini inayomisi au kula oili yatakufa kama ya kwanza.

Ikibaki peke yake, ipashe injini moto, shikilia 2,500 kwa dakika tatu, utazame grafu za sensa mbili pamoja. Ya mbele icheze, ya nyuma itulie, kwa kawaida kati ya volti 0.6 na 0.8. Ya nyuma ikicheza kwa kufuatana na ya mbele, masega hayahifadhi tena oksijeni. Hakikisha hakuna uvujaji kati ya sensa hizo mbili, kwa sababu hewa ya nje inazaa picha inayofanana.

Masega yaliyoziba yana dalili yake: gari linaanza vizuri, halafu mwendo hauongezeki hata ukikanyaga mpaka chini. Toa sensa ya mbele, funga geji ya presha kwenye tundu lake. Sailensa isizidi psi 1.5, kwenye 2,500 isizidi 3. Ukipata zaidi, njia imeziba.

Kabla ya yote, lala chini uangalie kama masega yapo. Yale madini matatu yana bei, na yako magari ambayo kopo limepasuliwa, sega likatolewa na kopo likashonwa tena bila mwenyewe kujua. Tafuta alama ya kulehemu isiyo ya kiwandani na gonga kopo kwa mpini wa bisibisi: tupu linalia kama debe. Ukipeleka gari kwa kazi ya eksozi, baki hapo hapo, au piga picha kopo kabla ya kuondoka.

Utashauriwa kutoa masega "gari livute vizuri", au kusogeza sensa ya nyuma kwa kipande cha chuma ili isione. Vyote viwili vinanyamazisha taa, au kujaribu, na kuacha moshi wenye sumu uende moja kwa moja kwenye foleni ambako watoto wanavuka kwenda shule. Petroli yenye risasi, iliyokuwa ikiua masega, iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Mafuta yetu leo yanaruhusu masega kudumu. Kama mapya hayanunuliki, yaliyotumika kutoka gari la Japani lenye injini ile ile, yasiyolia ndani yakitikiswa, ni afadhali kuliko bomba tupu.

Mvuke wa tanki

Namba za P0441 hadi P0456 utazikuta zaidi kwenye gari za soko la Marekani, maana nyingi za soko la Japani hazijipimi uvujaji wa mvuke. Kwa zile za Marekani anza na raba ya kifuniko cha tanki. Lakini valvu ya mvuke iliyokwama wazi husumbua gari lolote: gari gumu kuwaka mara baada ya kujaza mafuta, na STFT hasi sana kwenye sailensa. Bana kwa koleo mpira unaotoka kwenye kanista ya mkaa, kopo linalonasa mvuke wa petroli ya tanki. STFT ikirudi karibu na sifuri, umeipata. Na pampu ya kituoni ikikata yenyewe, usimwombe mhudumu aongeze mpaka shingoni. Petroli inafika kwenye kanista na mkaa ukilowa haurudi kama ulivyokuwa.

Baada ya kutengeneza

Futa namba kwa kifaa, kisha liache gari lipoe usiku mzima. Asubuhi liwashe, lisubiri sailensa dakika tatu, endesha mjini dakika kumi na barabara tulivu kilomita 60 hadi 80 kwa saa kwa robo saa, ukiachia resi mara kadhaa bila breki. Rudia kesho yake. Sasa angalia mambo mawili: namba zinazosubiri uthibitisho, na orodha ya vipimo ambavyo kompyuta imekamilisha kujipima. Orodha ikiwa bado haijakamilika, ukimya wa taa hauna maana yoyote. Ndiyo sababu katika majimbo ya Marekani yanayokagua moshi kwa kompyuta ya gari, kufuta namba asubuhi ya ukaguzi hakumsaidii mtu. Mashine inaona gari halijajipima na kulirudisha.

Usipofuta, taa itazima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zisizo na kosa, na namba itafutika baada ya injini kupoa na kupata moto mara 40 hivi. Jumla ya STFT na LTFT ikirudi ndani ya 8, kazi imekwisha. Ikiwa namba ile ile inarudi, weka frizi fremu mpya pembeni ya ile uliyoiandika siku ya kwanza. Zikifanana, sababu ya kwanza bado ipo. Mzunguko, mzigo na joto vikitofautiana, una tatizo la pili lililokuwa limejificha nyuma ya la kwanza, na unaanza tena na zile asilimia mbili.